Lebo ya Bia Yenye Historia ya Kwenu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Wazo Hadi Chupa Iliyolowa

Watengenezaji wadogo wa bia hunitumia picha za lebo zao, na ombi huwa lile lile: "Hebu angalia, kuna kitu hakijakaa sawa." Karibu kila lebo ina Mlima Kilimanjaro nyuma, simba au tembo mbele, Mmaasai na mkuki wake pembeni, na jina la bia kwa herufi za dhahabu zisizosomeka hata ukiwa umeishika chupa mkononi. Ukiuliza historia ya eneo iko wapi, unaoneshwa mlima.

Mambo yanayokwamisha ni mawili. La kwanza, watu wanataka historia yote ya mkoa ikae kwenye karatasi yenye ukubwa wa kiganja. La pili, wanachora kwa ajili ya kioo cha kompyuta, wakati lebo itaishi kwenye chupa yenye jasho, ndani ya ndoo ya barafu, kwenye baa yenye taa hafifu. Mwongozo huu unashughulikia yote mawili.

Ili tusizungumze hewani, tutatengeneza lebo moja ya mfano kutoka mwanzo hadi mwisho: bia ndogo ya ndizi na ulezi kutoka miteremko ya Kilimanjaro, yenye asili ya mbege, pombe ya jadi ya Wachagga. Jina la mfano ni "Mfongo", yaani ule mfereji wa asili ambao Wachagga walichimba kuleta maji ya mlimani hadi kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Wewe uliye Lushoto, Bukoba au Kisii fuata hatua zile zile, badilisha tu kitu cha kuchora.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa penseli

- Chupa tupu tano au sita za aina ile ile utakayotumia. Siyo "zinazofanana nayo", zile zile.
- Uzi, rula ya milimita, mkasi na karatasi nyeupe za A4.
- Penseli, kalamu nyeusi za wino za unene tofauti, na karatasi ya kuchorea isiyopitisha wino.
- Skana, au simu yenye kamera nzuri na mwanga wa dirishani.
- Programu ya michoro ya vekta, yaani michoro isiyopoteza ukali hata ikikuzwa. Illustrator ni nzuri ukiwa nayo. Inkscape ni ya bure na inatosha, ila kazi ya kuandaa rangi za uchapaji utaimalizia kwenye Scribus, nayo ya bure.
- Maelezo kamili ya bia: asilimia ya kilevi, ujazo, viambato, jina na anwani ya mtengenezaji.
- Daftari la kuandikia majibu ya wazee.
- Ndoo, maji na barafu. Usiicheke hii, ndiyo itakayoamua kama kazi yako imekwisha.

## Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja tu

Historia ya eneo kwenye lebo ni kitu kimoja ambacho macho yanaweza kukishika: chombo, mti, tukio, kazi ya mikono. Tusker ya Kenya ina tembo mmoja tu, na nyuma ya tembo huyo kuna kisa kimoja: George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, aliuawa na tembo mwaka 1923. Hakuna twiga wala machweo yaliyoongezwa kuipamba.

Kipimo ninachotumia ni rahisi. Futa jina la mkoa kwenye wazo lako, andika la mkoa mwingine. Kama picha bado inafaa, wazo hilo halina historia, lina mandhari. Simba anafaa Mara, Morogoro na Ruvuma. Mlima wenye theluji ni wa Kilimanjaro kweli, lakini tayari kuna bia kubwa yenye jina hilo na mlima huo, na wewe mwenye mapipa manne huendi kugombana nayo dukani wala mahakamani.

Kwa bia yetu ya mfano, mezani kulikuwa na mawazo haya:

Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi. Kila mtu humtaja kwanza. Alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake umekuwa ukilitafuta fuvu lake Ujerumani kwa miaka mingi. Hapana. Mtu ambaye nduguze bado wanadai mabaki yake ili wamzike hawekwi kwenye chupa ya bia, hata kama unamheshimu kiasi gani.

Ushirika wa kahawa. KNCU ilianzishwa mwaka 1933 na ni fahari ya mkoa. Lakini ni taasisi iliyo hai, ina jina na nembo yake. Isitoshe, picha ya buni kwenye chupa itamfanya mnywaji atarajie ladha ya kahawa.

Kibo na Mawenzi, vilele vya Kilimanjaro. Simulizi ya Mawenzi aliyekwenda mara kwa mara kuomba moto kwa Kibo hadi akapigwa mchi na kubaki na mabonde usoni ni tamu, na inachekesha. Ningeiweka akiba kwa bia ya pili. Kwa bia ya kwanza inaturudisha kwenye picha ya mlima.

Mfongo. Maji ndiyo sehemu kubwa ya bia. Mfongo uliyaleta maji hayo hadi kwenye mgomba, mgomba ukatoa ndizi, ndizi ikawa mbege. Kitu kimoja kinabeba eneo, kazi na kinywaji chenyewe. Tena una umbo zuri kwa mchoraji: mstari unaozunguka mlima, na chupa nayo ni ya mviringo.

Tumechukua mfongo.

Utajua umefanikiwa pale utakapomwambia mzee wa eneo hilo wazo lako kwa sentensi moja, naye akaanza kukusimulia wewe. Akikuuliza "hiyo inahusianaje na bia?", rudi mezani.

## Hatua ya 2: Kusanya maelezo ya kweli

Hapa ndipo lebo nyingi hufa kimyakimya. Mchoraji anaandika neno kwenye mtandao, anapata picha tatu, anachora mfereji wa saruji wa mashamba ya mpunga. Mtu wa Kibosho ataiona hiyo lebo mara moja na kuiweka chini.

Nenda ukauone mfongo wenyewe. Angalia unavyoanza: mawe, udongo na magogo ya migomba yaliyopangwa kukatiza kijito ili sehemu ya maji igeuke. Angalia mteremko wake. Mfongo haukimbii kushuka. Unafuata ubavu wa mlima polepole sana, wakati mwingine mpaka unadhani maji yanapanda. Njiani kuna nduwa, bwawa dogo la kukusanyia maji, na kutoka hapo hugawiwa kwa zamu. Njia ya kuingia kihambani huzibwa kwa kipande cha mgomba na madongo, na zamu ikifika kinaondolewa.

Mambo hayo ndiyo yanayoujenga mchoro. Kizibo cha mgomba kwenye ukingo wa mfereji, chenye nyuzi zilizochakaa na udongo uliobanwa kwa kiganja, kina historia kuliko ngao kumi na mikuki ishirini.

Waulize wazee maswali ya mikono, siyo ya tarehe. "Mlizibaje maji?" "Nani alisimamia zamu?" "Siku ya kusafisha mfongo mlibeba nini?" Ukiuliza mfongo ulichimbwa mwaka gani utapata ubishi, ukiuliza ulizibwaje utapata picha.

Kwa picha za zamani, maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, ina picha nyingi za wamisionari wa Leipzig waliofanya kazi Kilimanjaro kuanzia miaka ya 1890. Zitumie kujifunza: mavazi, nyumba, vyombo, jinsi kata ya mbege inavyoshikwa.

Onyo. Picha ya zamani haimaanishi picha huru. Soma masharti ya maktaba inayoihifadhi kabla ya kuitumia kibiashara. Na hata ikiwa huru, usiupachike uso wa mtu aliyepigwa picha enzi za Wajerumani kwenye bidhaa ya kilevi. Ana wajukuu, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Utajua umefanikiwa ukiwa na ukurasa mmoja wa maelezo madogo ambayo mgeni asingeyabuni.

## Hatua ya 3: Hakiki jina na mipaka ya sheria

Fanya hili sasa, kabla hujaupenda mchoro. Baadaye utakuwa na uchungu wa kuubadilisha.

Jina na nembo husajiliwa kama alama ya biashara. Tanzania Bara ni BRELA, kupitia mfumo wao wa mtandaoni wa ORS; Zanzibar ni BPRA, na usajili wa upande mmoja haukulindi upande wa pili. Kenya ni KIPI. Bara, usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Bia iko kwenye daraja la 32. Mvinyo na vilevi vingine viko daraja la 33. Kinywaji cha ndizi kinaweza kuangukia popote kutegemea kinavyotengenezwa, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia.

Tafuta jina lako na yanayofanana nalo kwa sauti, siyo kwa tahajia tu. Mhudumu wa baa husikia, hasomi.

Vitu vya kutovigusa:

- Bendera, Nembo ya Taifa na alama nyingine za serikali. Sheria inakataza kuzitumia kibiashara bila kibali.
- Sura au jina la Mwalimu Nyerere au Mzee Karume. Kuna Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa ya mwaka 2004, na hata bila sheria ungepata wapi ujasiri huo?
- Misikiti, makanisa, makaburi na vifaa vya ibada. Watu wa pwani wanakumbana na hili zaidi: mlango wa Kizanzibari kwenye chupa ya bia unaweza kuonekana urembo kwa mgeni na kero kwa mwenyeji.
- Mmaasai kama pambo. Wamaasai wenyewe wameanzisha juhudi za kudai haki juu ya jina na sura yao kwenye bidhaa. Kama bia yako haitoki kwao, mwache apumzike.

Kwa upande wetu kulikuwa na mtego mmoja mdogo: mmea wa isale. Wachagga huupanda kwenye mipaka ya kihamba, na jani lake hupelekwa kwa mtu unayemwomba radhi. Kuuchora mpakani ni sawa, ndipo unapokaa. Kulichora jani lake limeshikwa mkononi au limefungwa kama utepe wa zawadi ni kuchezea jambo ambalo watu hulichukulia kwa uzito.

## Hatua ya 4: Pima chupa, kata karatasi

Zungusha uzi kwenye sehemu iliyonyooka ya chupa, unyooshe, upime kwa rula. Chupa nyingi za mililita 330 zina kipenyo cha karibu milimita 61, hivyo mzunguko unakuwa kama milimita 191. Zako pima mwenyewe, tena pima tatu, maana chupa zilizorudishwa hutofautiana kidogo.

Sasa pima urefu wa sehemu iliyonyooka tu. Anza pale bega linapoishia, malizia kabla kitako hakijaanza kupinda, kisha ondoa milimita 3 juu na milimita 3 chini. Lebo ikigusa mpindo itakunjamana. Hakuna gundi inayotibu hilo.

Amua: lebo ya mbele na ya nyuma, au moja inayozunguka? Kwa mfongo tunataka mstari unaozunguka, kwa hiyo lebo moja yenye urefu wa mzunguko pamoja na milimita 5 za kupandiana: milimita 196. Chora mstatili huo kwenye karatasi, ukate, uufunge kwenye chupa kwa gundi ya kawaida.

Sasa weka chupa mezani, kaa mita moja mbali. Kinachosomeka bila kuizungusha ni kama theluthi moja ya mzunguko, milimita 64 hivi. Pembeni ya hapo herufi zinaanza kukimbia. Weka alama za penseli kwenye mipaka hiyo. Hapo ndipo jina litakapokaa, na hakuna herufi hata moja ya jina itakayovuka.

## Hatua ya 5: Maandishi ya lazima yakae kwanza

Wengi huyaacha mwisho, kisha wanayabana kwenye kona kwa herufi zisizoonekana, na mkaguzi anairudisha lebo. Anza nayo.

Utahitaji jina la kinywaji na aina yake, ujazo, asilimia ya kilevi, viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi kilikotengenezwa, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, alama ya ubora ukishaipata TBS (shirika la viwango), na onyo la umri: "Haiuzwi kwa walio chini ya umri wa miaka 18." Omba kiwango cha Afrika Mashariki cha uwekaji lebo, EAS 38, pamoja na kile cha kinywaji chako, ukisome mwenyewe badala ya kumtegemea jirani.

Uliza TRA, mamlaka ya mapato, mapema stempu ya kodi ya kielektroniki itakaa wapi kwenye chupa yako. Nimeona lebo nzuri iliyofunikwa katikati ya jina na stempu, na mwenye bia hakuwa na wa kumlaumu.

Ukitaka kuvuka mpaka wa Holili kuuza Taveta na kwingineko Kenya, ujue sheria ya vileo ya 2010 inadai maonyo ya afya yachukue angalau asilimia 30 ya eneo la kifungashio, kwa Kiingereza au Kiswahili. Hiyo haipenyezwi kwenye lebo ya Tanzania. Ni lebo nyingine kabisa, ipangie nafasi yake.

Bakodi, ile milia inayosomwa na mashine dukani: ukubwa wa kawaida wa aina ya EAN-13 ni milimita 37.29 kwa 25.93, na unaweza kuupunguza hadi asilimia 80, siyo zaidi. Kwenye chupa nyembamba igeuze ili milia yake ikae kama vidato vya ngazi. Ikisimama wima itazunguka na chupa na mashine haitaisoma. Milia iwe nyeusi juu ya nyeupe. Usitumie nyekundu, kwa sababu mwanga wa mashine ni mwekundu na milia hiyo itapotea.

Acha pia mstatili mtupu wa kugongea tarehe na namba ya toleo. Usiupake rangi nzito, wino wa muhuri hautaonekana.

## Hatua ya 6: Michoro midogo, nyeusi tu

Chora mstatili wenye ukubwa wa kiberiti. Ndani yake chora wazo zima kwa kalamu nene nyeusi. Rudia, mingi mingi, bila kufuta. Ukubwa huo unakuzuia kuweka mapambo, ndiyo faida yake.

Kwa Mfongo, michoro ya mwanzo ilikuwa na watu wanachimba, mgomba, nyumba ya msonge, ng'ombe. Kila kimoja kizuri, vyote pamoja vurugu. Kilichobaki: mstari mmoja mpana wa maji ukishuka polepole kutoka kushoto juu hadi kulia chini, majani ya mgomba juu yake, na katikati mikono miwili ikiondoa kizibo cha mgomba. Uso haupo, ni mikono tu. Mikono hiyo inatosha kuwa ya babu wa mtu yeyote wa Uru au Machame.

Bandika mchoro mdogo ukutani, rudi nyuma mita tatu, kodoa macho. Unapaswa kuona umbo moja kubwa na njia ya maji. Ukiona madoa, punguza.

## Hatua ya 7: Mchoro kamili

Chora mara mbili ya ukubwa halisi. Ukipunguzwa, kasoro ndogo za mkono zinajificha. Lakini kuwa mwangalifu na unene wa mistari: mstari wa milimita 0.4 utakuwa 0.2, na chini ya 0.1 mashine inaweza kuupoteza.

Weka tabaka tatu za unene. Mstari mnene kwa umbo la nje la mikono na kingo za mfongo. Wa kati kwa majani na vidole. Mwembamba kwa nyuzi za mgomba, udongo na mikunjo ya ngozi. Unene ukiwa mmoja kila mahali, macho hayajui pa kuanzia.

Jani la mgomba lichore lilivyo, limechanwa na upepo pembeni. Jani zima lisilo na mpasuko ni la picha ya hoteli.

Sasa tatizo la kiufundi ambalo mfongo umetuletea. Maji yanaanza juu upande mmoja na kuishia chini upande mwingine, hivyo kwenye mshono, pale ncha mbili za lebo zinapokutana, mstari hauwezi kuungana. Tena lebo ikibandikwa kwa mkono husogea milimita moja au mbili, na mchoro wowote unaotegemea kuungana sawasawa utaonekana umevunjika.

Suluhisho lilitoka kihambani: mshono ni mpaka, na mpaka hupandwa isale. Tukaweka safu ya isale kwenye ncha zote mbili. Majani yake membamba yanasimama bila mpangilio maalumu, kwa hiyo kusogea kidogo hakuonekani. Mfongo unatoka kijitoni nyuma ya isale upande wa kushoto, unaingia kwenye nduwa kabla ya isale upande wa kulia. Kila lebo inayozunguka ina mshono. Tafuta kwenye historia yako kitu ambacho kwa asili yake ni ukingo, ukiweke hapo.

Skani mchoro wa mistari kwa pikseli 1200 kwa inchi, nyeusi na nyeupe, kisha ugeuze kuwa vekta. Pitia kingo kwa mkono. Programu hulainisha kila kitu, na mikono ya mkulima ikilainishwa sana inakuwa ya mwanasesere.

Utajua umefanikiwa ukiuchapa kwa ukubwa halisi, ukaufunga kwenye chupa, ukaizungusha polepole, na maji yakakuongoza kutoka mwanzo hadi mwisho bila jicho kukwama.

## Hatua ya 8: Herufi

Jina liwe kubwa kuliko unavyoona inafaa. Tumia fonti moja kwa jina na moja, nyepesi kusoma, kwa maelezo. Basi.

Epuka zile fonti za "Kiafrika" zenye milia ya pundamilia na madoa ya chui. Hakuna mtu Moshi aliyewahi kuandika hivyo. Ukitaka herufi zenye mizizi, tazama mabango ya maduka ya zamani yaliyopakwa kwa brashi, vichwa vya magunia ya kahawa, maandishi ya ubavuni mwa magari ya abiria. Piga picha, chora upya kwa mkono wako.

Maandishi meupe ndani ya rangi nzito yasipungue pointi 7, maana wino husambaa na kuyameza.

Na kisa cha nyuma ya lebo? Sentensi mbili zinatosha. "Mfongo ni mfereji wa asili unaoleta maji ya mlimani kihambani. Zamu yako ikifika, unafungua." Ukiandika aya nzima, hakuna atakayeisoma, na bakodi itakosa pa kukaa.

## Hatua ya 9: Rangi chache, zipimwe gizani

Rangi tatu na karatasi yenyewe. Mfongo ulipata kijani kizito cha mgomba, wekundu wa udongo wa Kilimanjaro, na nyeusi ya mistari, juu ya usuli wa rangi ya maziwa yaliyoiva. Maji hayakupakwa bluu. Yaliachwa rangi ya usuli, yakang'aa yenyewe katikati ya kijani.

Usuli mweupemweupe una sababu nyingine. Chupa nyingi za bia ni kahawia. Lebo ya kijani kizito kwenye chupa ya kahawia, ndani ya baa yenye taa nyekundu, inakuwa nyeusi tupu. Chapa nakala, ifunge kwenye chupa, ipeleke baa saa mbili usiku, iweke rafu ya nyuma ya kaunta. Usiliruke zoezi hili kwa kujidai una jicho zuri.

Fanya kazi katika CMYK, mfumo wa wino nne za uchapaji, tangu mwanzo; ukitumia Inkscape, rangi hizo utaziandaa kwenye Scribus. Kijani kinachowaka kwenye kioo cha simu hakipo kwenye wino wa kawaida, kitatoka kimepauka na utamlaumu mchapaji bure.

## Hatua ya 10: Faili la kiwandani

- Ukubwa halisi, pamoja na milimita 3 za ziada kila upande zitakazokatwa.
- Maandishi muhimu yakae milimita 3 ndani ya mstari wa kukatia.
- Picha zenye vivuli ziwe pikseli 300 kwa inchi kwa ukubwa halisi.
- Fonti zote zigeuzwe kuwa maumbo.
- Maandishi madogo yawe nyeusi peke yake, asilimia 100, bila kuchanganya rangi nyingine. Rangi nne zikipishana kidogo, herufi ndogo zinapata kivuli.
- Hifadhi PDF, na uandike jina la faili lenye tarehe. "Lebo_mwisho_kabisa_2" imewahi kuchapwa badala ya ile sahihi, mahali pengi tu.

Mpe mtu mwingine asome kila neno kwa sauti, pamoja na asilimia ya kilevi na anwani.

## Hatua ya 11: Karatasi, gundi na ndoo ya barafu

Kwa lebo mia chache, uchapaji wa kidijitali unafaa, hauhitaji bamba. Ukifika maelfu mengi, uliza bei ya fleksografia, uchapaji wa mabamba laini. Gharama ya mabamba inajilipa.

Stika ya plastiki ya polipropilini huvumilia barafu vizuri. Karatasi ya kawaida, hata yenye gundi nzuri, hulowa na kumenyeka. Kama unataka sura ya karatasi, dai ile iliyotengenezwa kustahimili maji. Kama chupa zako hurudishwa na kuoshwa kwa magadi makali, hesabu inageuka: unahitaji karatasi na gundi vinavyotoka kwenye mashine ya kuoshea. Stika ya plastiki itakusumbua huko.

Omba sampuli, hata isiyo na chapa yako. Bandika kwenye chupa tatu zilizokauka kabisa, ziache usiku mzima gundi ishike. Kisha zitumbukize kwenye maji ya barafu kwa saa 24. Zitoe, sugua kwa kidole gumba, zigonganishe kama zinavyogongana kreti ikiwa kwenye gari la kwenda Rombo.

Kona zikiinuka, wino ukitoka kidoleni, au malengelenge yakitokea, kataa nyenzo hiyo. Mchapaji atakwambia wateja wengine hawajalalamika. Mwambie wateja wengine wanauza asali.

## Hatua ya 12: Toleo la kwanza

Usichape zaidi ya unachoweza kuuza kabla mapishi hayajatulia. Asilimia ya kilevi ikibadilika, lebo zilizobaki ni taka.

Tengeneza kiongozi cha mbao cha kulazia chupa, chenye kizuizi kinachoonesha lebo inaanzia wapi. Bandika kuanzia katikati ya jina kwenda pembeni, ukisukuma hewa kwa kitambaa kikavu. Chupa iliyotoka kwenye friji isiguswe hadi ikauke, unyevu ule usioonekana ndio unaoinua kona siku ya pili.

Baada ya wiki, pita kwenye baa unazouzia ukaangalie chupa tupu, siyo zilizojaa. Lebo iliyochunwa vipandevipande na kucha imelegea kwenye gundi. Lebo iliyobaki nzima huku chupa imegeuzwa upande wa nduwa na isale, ujue mnywaji aliizungusha kufuata maji. Sikiliza pia anavyoagizwa mhudumu. Wakisema "nipe ile ya mikono", usilazimishe jina lako. Kwenye bango na fulana za toleo linalofuata ikuze mikono, jina likae chini yake.